Blauzi ya Aliyevunja Kufuli

Jina la Chaki alilipata akiwa bado anatambaa chini ya meza ya shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na kila alipopeleka mkono kutafuta chaki ya kuchorea kitambaa, chaki haikuwepo. Ilikuwa mdomoni mwa mtoto. Mtoto akakua, akaacha kula chaki, jina likabaki. Hata alipomaliza masomo ya kompyuta na kuajiriwa kwenye ofisi inayotengeneza programu za hospitali, wenzake walimwita hivyo hivyo, ingawa hakuna aliyejua limetoka wapi.

Shangazi ndiye aliyemlea. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na nyuzi kila mahali, hata ndani ya kopo la sukari. Chaki alijua kusoma miili kabla hajajua kusoma vitabu. Mteja akiingia mlangoni, shangazi alikuwa akimnong'oneza, "Mtazame huyo. Bega gani liko chini?" Mtoto anajibu, na mara nyingi anapatia.

Kwa hiyo haikumshangaza mtu alipokuja kuunganisha mambo hayo mawili. Alitengeneza programu ya simu, akaiita Mkasi. Fundi anaingiza vipimo vya mteja, yaani kifua, kiuno, bega, urefu wa mkono na vinginevyo, na Mkasi inamchorea vipande vya kukata kimoja kimoja, tayari kuhamishiwa kwenye karatasi. Mume wake, mpaka rangi wa majumba, alikuwa akirudi kazini na madoa kwenye nyusi na kumkuta mkewe amejizungushia tepu ya kupimia, anabishana na skrini.

"Wanawake wenzako wakigombana na simu ni kwa sababu ya waume zao," alikuwa akisema. "Wewe unagombana nayo kwa sababu ya kwapa."

Na kweli kwapa ndilo lililomtoa jasho. Kiuno ni duara, kifua ni duara, lakini tundu la mkono ni mstari unaopanda, unaopinda, unaoshuka, na kila mwili una wake. Alilishona, akalifumua, akalishona tena, mpaka shangazi alipovaa blauzi ya majaribio, akainua mikono juu kama mtu anayeanua nguo kambani, akasema, "Hapa sasa." Siku hiyo ndiyo Mkasi ilipokwenda sokoni.

Ilikuwa programu ya kununua. Unalipa mara moja, inakuwa yako. Mafundi wakaipenda, wakaambiana, na kwa muda mambo yakawa mazuri. Kisha Chaki akaona jambo la ajabu: maswali yalianza kuzidi wanunuzi. Ndani ya programu kulikuwa na mahali pa kumwandikia, na watu walikuwa wakiandika: mkono wa puto unakatwaje, sketi ya pande nyingi inaanzia wapi. Akitafuta jina la muulizaji miongoni mwa walionunua, halipo. Mwingine naye, hayupo. Mmoja alimwandikia kwa upole, "Nimerushiwa hii programu na shemeji, ni nzuri sana, ubarikiwe."

Hakuwa na la kufanya ila kutia kufuli. Alikaa nalo, akalitengeneza: kila nakala iliyonunuliwa aliifunga na simu ile ile iliyoinunua. Ukiihamishia simu nyingine, inagoma.

"Kama mswaki," mumewe akasema baada ya kuelezwa. "Wa mtu mmoja."

"Kama mswaki," Chaki akakubali, na akajiona hodari.

Maswali ya wasiolipa yakapungua, halafu yakarudi, tena kwa wingi. Kuna mtu alikuwa amelivunja kufuli, na nakala iliyovunjwa ilikuwa inatembea kutoka simu hadi simu bila kizuizi. Chaki alikasirika mpaka chai ikampoa mkononi. Si pesa tu. Ni lile kwapa. Ni zile jioni zote. Aliona kama mtu ameingia chumbani kwake, akavaa nguo zake, akatoka nazo barabarani.

Katika kusomasoma kwake, alikuta watengenezaji wengine wa programu wakijisifu kwa mbinu moja. Usiifunge nakala ya wizi, walisema. Iache ifunguke, iache ifanye kazi, lakini iwe inadanganya kidogo. Mwizi hataelewa. Chaki akaipenda mbinu hiyo. Alikaa Jumamosi moja mchana akaiandika: Mkasi ikigundua kwamba haiko kwenye simu iliyoinunua, inalipunguza tundu la mkono kwa upana wa kidole. Kidole tu. Nguo itaonekana nzuri mezani, nzuri kwenye pasi, na mtu akiivaa itamshika makwapa asiweze hata kujikuna kichwa. Fundi atadhani ni mkono wake ulioteleza. Chaki alicheka peke yake. Toleo jipya lilikuwa tayari. Lilibaki kubonyezwa tu litoke.

Kabla hajabonyeza, ukaja ujumbe kutoka kwa fundi mmoja wa sare za shule, wa mji mwingine.

"Asante kwa kuongeza sehemu ya mgongo," aliandika. "Nina mteja ambaye nguo haijawahi kumkaa tangu nimfahamu. Sasa inamkaa. Mungu akuzidishie."

Chaki aliusoma akiwa amesimama. Akaketi, akausoma tena. Mkasi haikuwa na sehemu ya mgongo.

Akamjibu kwa lugha tamu, akimwomba amrushie hiyo nakala yake aitazame. Fundi wa sare, asiye na hili wala lile, akairusha. Ila alipoulizwa ameipata kwa nani, akajibu, "Kwa mtu," kisha akawa kimya kama aliyemeza ulimi.

Chaki aliipakia nakala ile kwenye kompyuta, akaanza kuifumua ndani. Alitegemea kukuta fujo, maana nakala za wizi mara nyingi huja zimepachikwa matangazo au vijidudu vya kuchungulia siri za watu. Hakukuwa na fujo yoyote. Pale ambapo yeye alikuwa ameiamuru programu iulize, "Je, hii ndiyo simu iliyonunua?", mtu alikuwa ameweka jibu moja la kudumu: ndiyo. Basi. Hakuharibu kingine. Ilikuwa kama mwizi aliyeingia kwa kutoa bawaba za mlango, akazipanga pembeni, na akafagia kabla ya kuondoka.

Halafu akaikuta hiyo sehemu ya mgongo.

Ilikuwa imejengwa juu ya kazi yake mwenyewe, kwa mkono usio wake. Mkasi ya Chaki ilichukulia kwamba pande mbili za mwili zinafanana: ukipima bega moja, umepima yote. Hii ilitaka bega la kushoto peke yake na la kulia peke yake, nyonga hii na nyonga ile, na mstari wa uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, ukipimwa kila unapopinda. Kisha ilichora nyuma ya nguo kwa vipande visivyolingana, kila kimoja na umbo lake. Hesabu zake zilikuwa za kienyeji, zimezunguka njia ndefu mahali ambapo ipo ya mkato, lakini zilifika.

Hasira aliyokuwa nayo ikaanza kusogea pembeni, ikikipisha kitu kingine. Huyu ni nani?

Jambo moja ndilo lililomkamata zaidi. Kwenye Mkasi, kila kisanduku cha kipimo huwa na namba ya mfano kabla hujaandika yako. Chaki alipoweka namba zake za mfano alizibuni tu, na mtu anayebuni hupenda namba nzima nzima. Namba za kwenye nakala hii, za mgongo hata za mkono, hazikuwa hivyo. Zilikuwa na nusu, na robo, na vijisehemu. Hizi hazikubuniwa. Mtu alikuwa amepimwa.

Kwa hiyo mwizi wake, au mtu wa karibu wa mwizi wake, alikuwa amelala pale ndani, kwa vipimo. Kilichobaki kwa Chaki kilikuwa kumkata na kumshona.

Alikwenda kwa shangazi akiwa na kitambaa cha pamba cha rangi ya majani mabichi, akazichapa karatasi, akakata, akashona blauzi. Ilikuwa kazi ya ajabu. Vipande vilikataa kulingana mezani, kila kimoja kilivutia upande wake, lakini vilipounganishwa vikatulia. Shangazi aliingia na kikombe mkononi, akaikuta imelala juu ya meza.

"Ya nani hii?"

"Sijui, shangazi."

"Umemshonea mtu usiyemjua?"

"Nimemshonea mwizi."

Akamsimulia. Habari ya mtego wa makwapa hakumwambia, alijua atakachojibiwa. Shangazi akaweka kikombe chini, akaichukua blauzi, wakaijaza matambara taratibu mpaka ikasimama na umbo, wakarudi nyuma kuitazama kama walivyokuwa wakifanya zamani kwa wateja wa mlangoni.

"Mwanamke," Chaki akasema.

"Mfupi kidogo. Bega la kushoto liko chini."

"Mgongo umepinda kulia. Siyo wa uzee, shangazi. Shingo ni ya mtu bado kijana."

"Anakaa sana, huyu. Anainamia kitu." Shangazi akaushika mkono wa blauzi, akaunyoosha. "Lakini mbona mikono mirefu hivi? Binadamu gani ana mikono ya kufika magotini?"

Hilo hawakulipatia jibu. Walikaa nalo, wakatoa nadharia, nyingine za kuchekesha, na mwishowe shangazi akasema, "Si umfuate ukamuulize? Mimi nimeshaanza kumzoea."

Shukrani nyingine za mgongo zilipoanza kuja kutoka miji mingine, Chaki alifunga safari hadi mji wa fundi wa sare. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya shule, kimejaa kaptura za rangi moja zilizoning'inizwa kama popo. Alipojitambulisha kuwa ndiye mwenye Mkasi, fundi alisimama ghafla hata akagonga kichwa kwenye kaptura.

"Mama, mimi sijaiba," alisema. "Nilirushiwa. Sikujua kama ni ya kuiba. Kusema kweli nilijua kidogo."

"Sikuja kwa ugomvi, fundi. Nimemshonea mtu nguo, namtafuta mwenyewe." Akaifungua blauzi, akaitandaza, mgongo juu.

Fundi wa sare hakuhitaji hata kuigusa. Akatabasamu, hofu ikamtoka. "Hii ni ya Bisibisi! Hakuna mwingine mwenye mgongo huu. Fundi simu, pale kona, karibu na duka la miwani." Kisha akashtuka. "Lakini usimwambie mimi ndiye niliyesema."

"Nitamwambia nani sasa? Kaptura?"

Duka la Bisibisi lilikuwa jembamba, lina kaunta ya kioo, na juu ya kaunta simu zilizofunguliwa, kila moja na vijiskrubu vyake ndani ya kifuniko cha chupa. Nyuma yake, kwenye stuli ndefu, alikaa mwanamke mfupi ameinamia taa. Bega la kushoto lilikuwa chini. Chaki alimtambua, kama mtu aliyemwona ndugu aliyemjua kwa picha tu.

"Karibu dada," mwanamke akasema bila kuinua macho. "Kioo au chaji?"

"Blauzi."

Mkono wenye bisibisi ukasimama. Chaki akaiweka blauzi juu ya kaunta. Mwanamke akafuta vidole, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa mgongo kutoka juu hadi chini, polepole. Alipofika kiunoni akauliza, "Nani kakupa vipimo vyangu?"

"Wewe mwenyewe. Viko ndani ya Mkasi."

"Mkasi yangu iko kwenye simu yangu."

"Dada, iko kwenye simu za watu wengi. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Mafundi wananiandikia kutoka miji ambayo hata sijafika, wananishukuru kwa sehemu ya mgongo."

Bisibisi aliishika blauzi kwa mikono miwili kama anayeficha kitu nyuma yake.

"Kwa hiyo hao wote wanauona mgongo wangu," akasema.

"Wanaona namba tu."

"Namba ndiyo mgongo. Wewe si umenishona kwa hizo namba?"

Chaki alikuwa ameyapanga maneno yake njiani: jasho langu, kazi yangu, ungejisikiaje. Yote yakayeyuka. Mwenzake alikuwa ameshajua mtu aliyeibiwa hujisikiaje.

Bisibisi alirudisha nusu ya mlango, akamvutia Chaki stuli nyingine. "Nilimpa fundi wa sare," akasema. "Mmoja tu, ili anishonee. Nikamwambia hii ni ya mimi na wewe. Kumbe naye ana shemeji." Akatikisa kichwa. "Kumpa yeye ni kosa langu, silikatai. Lakini kuvunja? Dada, mimi nilinunua."

"Ulinunua?"

"Nililipa kama watu wengine. Simu ikafa. Unacheka? Fundi simu naye hufiwa na simu. Nikanunua nyingine, nikaiweka Mkasi yangu, ikaniambia, 'Nakala hii si ya simu hii.' Nikakuandikia. Nikajibiwa, 'Asante, ujumbe wako umepokelewa.' Nikaandika tena, nikashukuriwa tena. Kila nikilia, nashukuriwa. Nikasema basi. Kufungua vitu vilivyofungwa ndiyo kazi yangu ya kila siku."

Yale majibu ya shukrani yalikuwa ya mashine. Chaki aliyaweka wakati maswali yalipomzidi, akakusudia kurudi kuyasoma yote, na hakurudi. Alijikuta anatazama vifuniko vya chupa.

"Na mgongo?" akauliza, maana udadisi ulikuwa bado unamwasha. "Ulijipimaje mgongo wako mwenyewe?"

Uso wa Bisibisi ukabadilika. Hapo akawa fundi anayeulizwa ufundi. Alinyanyuka, akachomoa waya mnene wa umeme kutoka kwenye droo. "Nilifunga waya kwenye mwimo wa mlango, nikauegemea, nikausukuma na mgongo mpaka ukapinda kama nilivyopinda mimi. Nikaufungua taratibu, nikaulaza kwenye karatasi, nikachora. Mara ya kwanza ulinyooka wakati naufungua. Nikatafuta mnene zaidi."

"Kwa nini usimwambie fundi akupime?"

"Wanapima," Bisibisi akasema, "halafu wanaguna. Wewe hujawahi kugunwa. Mtu anashika tepu, anafika katikati ya mgongo, anasema 'mmh.' Kisha anakushonea gunia ili afiche. Sikutaka kufichwa, nilitaka nguo. Nilipoifungua programu yako nikaona inavyochora, nikasema, kumbe ni mistari tu. Hata mimi ni mistari."

Chaki akamweleza habari ya mtego. Hakuulizwa, lakini hakuweza kukaa nayo. Alimwambia kuhusu toleo lililokuwa likisubiri nyumbani kubonyezwa, na upana wa kidole.

"Ungenibana makwapa?" Bisibisi akauliza.

"Wewe na wenzako wote."

"Na mimi ningejilaumu mwenyewe. Ningesema hata namba zimenikataa."

Chaki aliukumbuka ule mtego wa panya unaonasa waliomo na wasiokuwemo, na akaona haya kweli kweli, haya ya kusikia joto masikioni. Kwa ile programu, mtu aliyelipa na simu yake ikafa hakuwa na tofauti na mwizi. Yeye ndiye aliyeifundisha isione tofauti.

Bisibisi akaingia nyuma ya pazia la duka, akaivaa blauzi. Alipotoka, mgongo ulikuwa umemkaa kama umemiminwa. Hakuna mkunjo, hakuna pindo lililopanda. Lakini mikono ya blauzi ilimfunika vidole vyote, ikaning'inia kama masikio ya mbwa. Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Hili ndilo lililotushinda mimi na shangazi!" Chaki akasema.

"Nilijipima peke yangu. Ukijipima mkono peke yako unaunyoosha kama unaomba lifti. Fundi wa sare huipunguza kimya kimya, hasemi kitu."

Chaki akatoa tepu kwenye mkoba. "Nikupime?"

Bisibisi alisita, kisha akampa mkono. Chaki alipima bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo, na hakuguna.

Nyumbani aliufuta mtego. Mumewe alimkuta akiufuta, akauliza kama wezi wameisha. "Hawajaisha," Chaki akasema, "ila mmoja wao nimemwajiri."

Halikuwa neno la utani. Alimwomba Bisibisi ruhusa ya kuiingiza sehemu ya mgongo kwenye Mkasi yenyewe, kwa jina lake na kwa fungu lake katika kila nakala itakayouzwa. Bisibisi alikubali kwa masharti mawili: namba zake zitoke, ziwekwe za kubuni, na kila kufuli jipya lijaribiwe na yeye kabla halijatoka. Wakaanza mchezo ambao Chaki hakuwahi kufurahia kazi yoyote kama huo. Anatengeneza kufuli, anamtumia; Bisibisi anapiga simu, "Nimeshaingia." Kufuli la kwanza lilivunjwa hata kabla Chaki hajakaa vizuri kwenye kiti. Chaki anauliza, umepitia wapi? Anaelezwa. Anaziba pale, anamtumia tena.

Katika kufukuzana huko ndipo alipoelewa jambo ambalo vitabu vyake vilikuwa vimemwambia, naye hakusikia: kitu kilichomo ndani ya simu ya mtu, mtu huyo akiwa na subira atakifungua. Basi wakayaacha mengi ndani ya simu, na kile kigumu zaidi, hesabu za kuchora mgongo na kwapa, wakakitoa wakakiweka kwenye kompyuta kuu ya Chaki. Simu inatuma vipimo, michoro inarudi. Ukiiba programu, umeiba meza tupu. Na ununuzi ukaacha kufungwa na simu, ukafungwa na mtu: simu ikifa, unaingia na namba yako kwenye nyingine, unaendelea.

Waligombana pia. Bisibisi alisema kuna mafundi mahali ambapo mtandao unakuja ukipenda, na programu isiyofanya kazi bila mtandao haiwafai. Chaki akasema mlango wowote atakaowaachia hao, wezi watapita hapo hapo. Walinuniana siku kadhaa. Mume wa Chaki, yule mpaka rangi, aliyechoka na mke mwenye kununa, akawaambia kwamba yeye huwa hasimami kulinda ukuta mpaka rangi ikauke. Hubandika karatasi ya kuonya, huenda, hurudi kuangalia. Sijui kama alielewa wanachogombania, lakini wakaafikiana kwenye kitu cha namna hiyo: michoro ya mteja aliyekwisha kupimwa inakaa ndani ya simu, na programu inajitambulisha mara moja moja tu, mtandao ukipatikana.

Ujumbe wa watu Chaki akaanza kuusoma mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda ofisini, hata ule wa matusi.

Wizi haukukoma. Nakala zile za zamani, zenye mgongo halisi wa Bisibisi, bado zinatembea. Fundi wa sare aliifuta yake mbele ya Bisibisi, akampigia shemeji, shemeji akampigia mwingine, lakini maji yalikwisha kumwagika. Kuna wakati ujumbe unakuja kutoka mbali, mtu anashukuru kwa zile namba za mfano, anasema amezitumia kama zilivyo kwa binti yake mwenye mgongo wa namna hiyo hiyo. Chaki humsomea Bisibisi kwenye simu. Bisibisi hukasirika, kisha huuliza, "Bega gani liko chini?"

Siku hizi wameshikwa na jambo jingine. Mteja mmoja wa duka la simu anatembelea kiti cha magurudumu, na alimlalamikia Bisibisi kwamba suruali zote duniani hukatwa kwa mtu aliyesimama: nyuma zinashuka, mbele zinajaa tumboni. Bisibisi akampigia Chaki papo hapo, mteja akiwa bado mlangoni. Wamempima mara kadhaa na bado hesabu haziwaingii akilini, kwa sababu mtu akiketi, paja linakuwa fupi upande mmoja na refu upande mwingine, na hakuna anayeweza kusema kiuno kinaanzia wapi. Shangazi anasema kinaanzia mbavuni. Bisibisi anasema shangazi anakosea. Jumapili wote watatu watakuwa pale kwenye karakana, na mwenye kiti ameahidi kuja na suruali yake mbaya kuliko zote ili waifumue waone.